Masika ya Kumkumbuka Mama Duara

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, na paa la ofisi likavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kabati la mafaili. Nimetega ndoo.

Mwenyekiti aliingia koti lake likichuruzika maji, wala hakukaa. Kamati imekubaliana kwamba mwisho wa Mei tufanye siku ya kumkumbuka Mama Duara, na kitolewe kijitabu cha kumbukumbu za watu waliofanya naye kazi.

"Mkusanyaji ni wewe," alisema. "Nani mwingine? Miaka kumi na mmoja ulikuwa ubavuni pake."

Nikasema sawa. Niseme nini tena?

Jina la Mama Duara alipewa na watu wa sokoni, kwa sababu hakukubali kuendesha kikao watu wakiwa wamekaa kwa safu. Akiingia ukumbini akakuta viti vimepangwa kama darasani, atasimama mlangoni, mkono kiunoni: "Jamani, mmekuja kutazamana visogo?" Kisha ataanza kuburuta viti mwenyewe, na wanaume wazima wataona haya na kumsaidia. Kazi yake rasmi ilikuwa mwezeshaji wa vikao vya amani katika jumuiya yetu. Yeye alisema kazi yake ni kusikiliza kwa mshahara. Mimi nilikuwa katibu wake. Sasa yeye amefariki, wiki tatu zilizopita, na mimi ndiye ninayekalia kiti chake.

Jioni nimenunua daftari hili. Kumbukumbu za wengine zitaingia kijitabuni. Zangu nitaziandika humu, maana kule hazitaingia.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Barua mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua. Barua tano. Moja ni ya muuza mkaa aliyegombana na jirani yake kwa miaka sita juu ya mpaka wa kiwanja. Ameandika kwa penseli: "Alinilazimisha nirudie maneno ya adui yangu kabla sijamjibu. Mara ya kwanza niliyarudia kwa kejeli, akasema bado. Mara ya pili kwa hasira, akasema bado. Mara ya tatu nilijikuta nayasema kama yangu, nikashindwa kumtukana."

Nimeisoma barua hiyo mara nne. Nilikuwapo siku ile. Ni mimi niliyeandika kumbukumbu za kikao.

Alhamisi, 14 Machi

Dereva wa jumuiya amekuja kutoa kumbukumbu zake. Amekataa kuandika, anasema mwandiko wake unafanana na njia ya konokono. Alizungumza, mimi nikaandika.

"Andika hivi. Marehemu alikuwa hajui kukaa garini. Kila kona alikanyaga breki isiyokuwepo. Tukifika salama ananishukuru mimi, lakini moyoni anajua ni mguu wake ndio uliotuokoa."

Tulicheka mpaka akatoa leso. Kisha akawa anaitazama ndoo inavyojaa.

"Ila siku ile ya ukumbi wa shule marehemu alikosea, bosi wangu. Yule fundi cherehani hakustahili kujibiwa vile. Nilimpenda yule mama kama dada yangu wa tumbo moja, lakini siku ile alikosea. Hilo usiandike."

"Siandiki," nikasema.

Ilikuwa nafasi. Tulikuwa wawili tu, mlango umefungwa kwa sababu ya mvua. Nilichofanya ni kumwongezea chai.

Ijumaa, 15 Machi

Sikwenda kazini. Nimesema nina mafua. Sina mafua.

Jumatano, 20 Machi

Leo naandika, hata nikichelewa kupika.

Miaka miwili iliyopita Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini walipigana kwa sababu ya soko jipya. Zilikuwa siku mbili tu. Walikufa watu saba, na baada ya hapo watu wa juu hawakuteremka wala wa chini hawakupanda. Mama Duara aliwaendea nyumba kwa nyumba, miezi mitano, mpaka wakakubali kukaa ukumbi mmoja, ukumbi wa shule, watu arobaini na wawili kwa duara.

Walichokuwa hawajui ni kwamba Mama Duara hasikii. Sikio la kushoto lilikufa kwanza, la kulia likafuata taratibu. Tuliojua ni watatu: yeye, binti yake, na mimi. Alikuwa anasoma midomo ya walio karibu, na kwa walio mbali mimi niliandika karatasi ndogo nikimsogezea gotini. Watu walidhani ni mambo ya ukatibu. Alikusudia kuwaambia, lakini kila mara alisema, "Hawa wakishapatana. Nikisema sasa watadhani wameletewa kiziwi kuwapatanisha."

Fundi cherehani alisimama saa saba kasoro. Ni mwanamke wa Mtaa wa Chini, wa makamo, mpole. Alikuwa upande wa mbali wa duara na ameinamisha kichwa. Alizungumza kwa dakika tisa. Dakika tisa najua, kwa sababu kinasa sauti kilikuwa sakafuni na niliisikiliza sauti yake siku ya pili yake.

Alisema hivi. Kwamba siku ya kwanza ya vurugu baba yake, mzee wa miaka sabini na mbili, alitoka kumtafuta yeye, kwa kuwa alichelewa kurudi. Kwamba walimpata siku ya tatu, chumba cha maiti. Mlinzi wa hospitali akawaambia mzee aliletwa kwa mkokoteni na mtu aliyekuwa kifua wazi, kwa sababu shati lake alimfunika nalo mzee. Mkokoteni ulitokea juu. "Mtu huyo ni wa juu," alisema. "Labda yumo humu. Simtafuti nimshtaki. Nataka kumuuliza kama baba yangu alisema neno lolote njiani. Kama hakusema, basi anionyeshe alipoanguka. Na nimshukuru kwa shati."

Hayo yote yalisemwa mita sita kutoka nilipokaa. Mimi nilikuwa nimeinamia simu. Seremala alikuwa amenitumia picha tatu za kabati la jikoni nichague, na alitaka jibu kabla ya saa saba, mbao zisije zikachukuliwa na mwingine. Nilisikia "baba yangu", nikasikia "mtu wa juu", nikasikia "nimshtaki". Mama Duara alinigusa mkono. Nikaandika haraka:

"Baba yake aliuawa. Anataka mtu wa juu ashtakiwe."

Akasoma. Akainua kichwa, na kwa ile sauti yake ya taratibu akasema, "Pole sana, mama. Lakini hapa si mahakamani. Tulikubaliana hakuna kumtaja mtu."

 Fundi cherehani alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Akachukua mkoba wake akatoka. Wanawake wa Mtaa wa Chini wakainuka nyuma yake mmoja mmoja, halafu wanaume. Ndani ya robo saa duara lilikuwa nusu. Miezi mitano ya kubisha hodi iliishia hapo.

Njiani, ndani ya gari, aliniuliza. Alijigeuza kabisa ili auone mdomo wangu.

"Alisema hivyo tu?"

"Hivyo tu," nikasema.

Kabati nililolichagua lina milango minne na vishikio vya shaba. Nalifungua kila asubuhi kutoa vikombe.

Alhamisi, 21 Machi

Nimesoma ya jana. Nimetaka kuzichana kurasa zile. Nimeziacha, lakini si kwa ushujaa. Uvivu tu.

Jumanne, 26 Machi

Mvua siku tatu mfululizo. Barua kumi na saba sasa. Karibu zote zinasema neno lilelile kwa njia mbalimbali: alitusikia, alitusikia, alitusikia.

Ijumaa, 29 Machi

Sikumaliza habari. Baada ya ukumbi kuvunjika, watu walianza kusema Mama Duara amekuwa mkavu, amezeeka, amejaa majivuno. Kamati iliniita peke yangu. Mwenyekiti akauliza, kwa upole, "Wewe unayekaa naye, unamwonaje?"

Kufikia siku ile nilikwisha kuisikiliza kanda. Nilijua kila neno. Nikasema, "Amechoka."

Neno moja. Halikuwa hata uongo. Wiki iliyofuata alipewa barua ya kupumzishwa, na mwezi uliofuata nikapewa ofisi yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimekwenda kwa binti yake kuomba picha za kijitabu. Ni muuguzi, alikuwa ametoka zamu, bado amevaa viatu vyeupe. Alinikaribisha, akanipa maji, akamimina picha mezani. Tulizipanga. Alikuwa mchangamfu kiasi kwamba nilianza kujisikia mgeni wa kweli.

Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye picha, "Mama alijua."

Nikajitia hamnazo. "Alijua nini?"

"Dada, usifanye hivyo. Mama alisoma midomo miaka minne. Maneno ya yule fundi hakuyaona, alikuwa mbali na ameinama. Lakini aliona mdomo unaenda. Aliniambia, 'Yule mama alizungumza muda mrefu, na karatasi ilikuwa na mstari mmoja.'"

Maji yalinipalia. Alisubiri nimalize kukohoa.

"Mbona hakuniuliza?" nikasema.

"Alikuuliza. Ndani ya gari. Ukamjibu."

Sikuwa na pa kuweka uso. Akaendelea kupanga picha, za zamani huku, za karibuni huku, kama mtu anayepanga dawa.

"Nilimwambia nikupigie simu nikuseme. Akakataa. Alisema kosa la kwanza ni lake, kuficha masikio yake. Angewaambia watu ukweli, watu arobaini wangemwandikia, si wewe peke yako. Na akasema atakungoja. Kwamba wewe si mtu mbaya, utakuja."

"Nilikuja," nikasema. "Alipolazwa."

"Ulikuja na kamati. Mlikuwa sita. Mlikaa dakika ishirini na mkaimba."

Ni kweli. Mimi ndiye niliyeanzisha wimbo. Kwa kiziwi.

Nilipoondoka alinipa picha kumi na mbili ndani ya bahasha. Hakunifukuza, hakunisindikiza.

Jumapili, 7 Aprili

Mvua.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda Mtaa wa Chini kumtafuta fundi cherehani. Nilifika kwenye kona ya kinyozi, nikaona kibao cha duka lake, nikageuza.

Ijumaa, 12 Aprili

Kona ya kinyozi. Nimegeuza.

Jumatano, 17 Aprili

Kona ya kinyozi. Kinyozi ametoka nje akaniuliza kama namtafuta mtu. Nikasema nimejikinga mvua. Mvua ilikuwa haijaanza.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemweleza mume wangu. Miaka miwili tunalala kitanda kimoja na hakujua. Alikuwa anakula, akaweka kijiko chini.

"Na ukisema sasa," akauliza, "utakuwa umemfaa nani? Marehemu hasikii."

Akajisikia mwenyewe alichosema, akaziba mdomo. Halafu, Mungu atusamehe, tukacheka wote wawili, kicheko kibaya cha kukosa la kufanya, na mimi kicheko kikanigeukia kilio. Alinishika bega. Halafu akaligeukia kabati.

"Kwa hiyo hili kabati ndilo," akasema.

"Ndilo."

"Na mimi ndiye niliyekuhimiza. Nilikwambia jibu haraka."

"Simu ilikuwa mkononi mwangu," nikasema. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumwachia robo ya mzigo, na nimeogopa jinsi hamu hiyo ilivyokuwa tamu.

Jumanne, 30 Aprili

Nimefika.

Duka lake ni chumba kimoja, mlango unafunguka moja kwa moja barabarani. Alikuwa anashona sare za shule, lundo la bluu kushoto halijaanzwa, la kulia limekwisha kushonwa. Alinifahamu mara moja. Aliendelea kukanyaga cherehani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya kijitabu, mimi sina kumbukumbu nzuri za huyo bibi. Usinipotezee mchana."

Nikasema nimekuja kwa habari ya siku ile ukumbini. Nikasimama hapo kizingitini, mvua ikinipiga mgongoni kwa kuwa hakunikaribisha ndani, nikamwambia yote. Masikio. Karatasi. Simu. Kabati. Gari. Neno "amechoka". Nilikuwa nimejiandalia namna ya kulisema kwa mpangilio, lakini lilitoka ovyo, la mwisho mbele na la mbele mwisho.

Cherehani ilisimama nilipofika kwenye masikio. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Nilisema nini siku ile?" akauliza.

"Dada?"

"Siku ile. Nilisema nini? Unasema ulisikiliza kanda."

Nikayasema. Baba, kuchelewa kwake, mlinzi, mkokoteni, shati, neno la njiani, mahali alipoanguka. Alikuwa amefumba macho. Nilipofika "nimshukuru kwa shati" akainua mkono ninyamaze.

 Mteja alichungulia, akatuona, akaenda zake.

"Alikuja hapa," akasema. "Yule bibi. Mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nina kazi. Mara ya pili nilijificha kwa jirani. Mara ya tatu mvua kama hii, akasimama hapohapo ulipo, ameshika mwavuli, akaanza kusema, 'Mama, naomba unirudie yale maneno yako.' Mimi nikakanyaga cherehani. Nikaikanyaga kwa nguvu, bila kitambaa, ili ajue simsikilizi. Alisimama mpaka akachoka. Nilifurahi, wewe dada. Nilisema leo nimemlipa."

Akaiweka mikono yake miwili juu ya mashine.

"Kumbe hata hiyo cherehani hakuwa anaisikia."



"Umenifanya na mimi mkosaji," akasema. "Bibi wa watu amekufa nimemnunia kwa jambo asilolijua. Na wewe umekaa nalo. Umekaa nalo kama sahani ya chakula usiyotaka kumgawia mtu."

"Nisamehe."

"Hapana." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa sukari ya pili. "Labda siku nyingine. Leo sina. Nataka hivi: hiyo siku yenu ya kumkumbuka, utayasema haya mbele ya watu. Yangu yote niliyosema, neno kwa neno, na yako. Si kwenye kijitabu. Kwa mdomo. Mimi nitakuja kukaa mbele."

Jumatano, 8 Mei

Mvua kubwa usiku kucha, ndoo mbili leo. Nimemwambia mwenyekiti. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Siku ile ni ya kumsifu marehemu," akasema. "Ukisimama na hayo, watu watatoka na habari yako, si yake. Andika barua ya faragha kwa familia. Yatakwisha."

"Familia inajua. Wasiojua ni waliomsema vibaya."

"Na jumuiya je? Watu watasema tulimfukuza mtu kwa kosa la mwingine."

"Si ndivyo tulivyofanya?"

Aliivua miwani tena. Ni mtu mzuri, mwalimu mkuu wa zamani, hapendi kelele. "Ukisema," akasema, "funguo za ofisi uzilete Jumatatu yake."

Nilitegemea kuumia. Nilichosikia ni usingizi, kama mtu aliyevuliwa viatu vinavyobana.

Alhamisi, 16 Mei

Kijitabu kimekwenda kwa mpiga chapa. Kumbukumbu thelathini na moja. Yangu haimo.

Jumamosi, 25 Mei

Tulikaa kwa duara, ukumbi uleule wa shule. Walikuja watu kama mia na hamsini, tukafanya maduara mawili, moja ndani ya jingine. Watu wa juu na wa chini, ila hawakuchanganyika; waliachiana viti viwili vitupu kila upande. Binti wa marehemu alikaa karibu na dirisha. Fundi cherehani alikaa mbele kama alivyoahidi, mkoba mapajani.

Muuza mkaa alisoma barua yake, watu wakapiga makofi. Dereva akasimulia breki, watu wakacheka. Kisha mwenyekiti akataja cheo changu, hakutaja zaidi, akakaa.

Nilikuwa nimeandika karatasi. Sikuisoma, macho yalikuwa hayaoni vizuri. Nilianza na maneno ya fundi cherehani, yote, toka baba yake alipotoka nyumbani. Nikasema: haya ndiyo yaliyosemwa hapa. Kisha nikasema: Mama Duara hakuyasikia, kwa sababu alikuwa kiziwi, na masikio yake yalikuwa mimi. Nikasema karatasi yangu ilikuwa na mstari mmoja, nikausema huo mstari. Nikasema nilikuwa nachagua kabati.

Hapo ndipo sauti zilipoanza. Mtu alisema, "Kabati?" Alilisema tena, kwa nguvu, akimgeukia jirani yake: "Amesema kabati?" Mwanamke mmoja nyuma akapiga kelele nishuke, ingawa hakukuwa na jukwaa la kushuka. Dereva alisimama. 

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili mimi nimezunguka mji huu nasema alikosea. Nimemsema mpaka kwenye msiba wake. Na wewe unanimiminia chai!"

Akatoka. Nikaendelea, maana sikuwa nimemaliza. Bado neno la garini na neno la kamati. Nikayasema. Nikakaa. Hakuna aliyenigusa, hakuna aliyenitukana tena. Mwenyekiti akamwita msemaji anayefuata, na msemaji hakujua aanzie wapi.

Mwishoni binti wa marehemu alinipita mlangoni. Akasimama kidogo. "Umechelewa," akasema, akaenda.

Jumatatu, 27 Mei

Nimepeleka funguo.

Jumatano, 29 Mei

Nyumbani. Mvua inapungua.

Jumamosi, 1 Juni

Nimekutana na dereva barabarani. Nilimsalimia. Aliitazama saa yake akapita. Nimekaa miaka kumi na mmoja nikiingia kwenye gari lake bila kuuliza kama ana nafasi.

Alhamisi, 6 Juni

Jua toka asubuhi. Saa tisa alasiri mtu alibisha hodi. Sikumfahamu. Mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana, kofia mkononi. Alisema yeye ni mchukuzi wa mizigo sokoni, anakaa Mtaa wa Juu. Nilimpa kiti, akakaa kwenye ukingo wake.

"Nilikuwapo ukumbini juzijuzi," akasema. "Na ile siku nyingine pia nilikuwapo."

Nikamngoja.

"Siku ile yule mama aliposema, mimi nilikwisha kushika kiti niinuke. Nilitaka kusema ni mimi. Halafu Mama Duara akasema hapa si mahakamani, hakuna kumtaja mtu. Mimi nilimwamini sana yule mama. Nikadhani ananionya mimi. Kwamba ameniona nashika kiti, ananiambia kaa, nyamaza, utajitia kwenye kesi. Nikakaa." Akaigeuza kofia. "Nimenyamaza nikidhani namtii."

 Kila nikidhani nimefika mwisho wa jambo hili, kuna mlango mwingine nyuma yake.

"Nipeleke," akasema. "Peke yangu siwezi kuteremka kule. Toka vurugu sijateremka."

Tukaenda kwa miguu. Hakusema neno njia nzima, isipokuwa mara moja, tulipovuka kwenye Mtaa wa Chini, alisema, "Wamepaka rangi ile nyumba."

Fundi cherehani alikuwa mlangoni, akipima mtoto wa shule kwa futi. Alituona. Alimtazama yule mtu usoni, kisha mabega, kisha mikono, vile mafundi wanavyomtazama mtu. Akamwambia mtoto arudi kesho.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, mama."

Akasogea mlangoni ili apite. Mimi nikainua mguu kuwafuata. Miaka kumi na mmoja ya kuandika vikao imenizoesha kudhani kila chumba kina kiti changu. Akaweka mkono kwenye fremu ya mlango.

"Wewe baki nje."

Mlango ukafungwa. Nilikaa kwenye benchi la kinyozi. Kinyozi aliniuliza kama leo pia najikinga mvua, nami nikasema hapana, leo namsubiri mtu. Tulizungumza habari za jua. Kutoka ndani hakikusikika kitu, na nilijihimiza nisitege sikio.

Walitoka baada ya kama saa nzima. Macho ya yule mchukuzi yalikuwa mekundu. Fundi cherehani alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kuvaa viatu vya kutembelea. Alifunga duka kwa kufuli, akajaribu kufuli mara mbili.

"Anakwenda kunionyesha mahali," akaniambia. "Nenda nyumbani, dada."

Wakapanda barabara, yeye mbele hatua moja, kuelekea Mtaa wa Juu. Watu walitoka milangoni kuwatazama. Niliwafuata kwa macho mpaka walipokata kona.

Kama mzee alisema neno njiani, sijui ni neno gani. Sikuambiwa, na sikuuliza.